Jina Lililokuja kwa Baiskeli

Nyinyi mnaoingia wodi ya wazazi mwaka huu, sare bado zina mikunjo ya dukani, hebu kaeni kidogo. Viatu vueni, najua vinawauma, vyangu viliniuma mpaka nikastaafu. Mimi ni Nekesa. Sokoni Ruiru bado wananiita Sista, na muuza nyanya hunipa bei ya Sista, kwa hivyo sijawahi kuwakataza. Nilianza kuzalisha akina mama Thika, halafu nikahamishwa kituo cha afya kule Ruiru, na huko ndiko nilikofungia kazi. Niulizeni chochote, ila msiniulize nilizalisha watoto wangapi. Sikuhesabu, na mkunga anayewaambia alihesabu anawapima tu akili.

Mengine mtafundishwa na wakubwa wenu. Pasheni mikono moto kabla ya kumgusa mama, tumbo halipendi baridi. Msimwambie mama "bado" kila akiuliza, mwambieni mahali alipofika. Na mtoto akishalia, kabla hujakimbilia kuosha vyombo, uliza ataitwa nani, halafu nyamaza usikilize. Watu hudhani hilo ni swali la kujaza nafasi. Mimi lilinifundisha huu mji kuliko kitu kingine chochote, na ndilo lililonikutanisha na jina la Skelbeck.

Ndiyo, Skelbeck. Jina la Kizungu, na si lile la kawaida la Wazungu ambalo mmelisikia kwa sinema. Nitawafikisha huko, msinikimbize.

Mimi si mtu wa huku. Kwetu ni Bungoma, na kwetu jina linaweza kutoka kwa msimu. Nekesa ni msichana aliyezaliwa wakati wa mavuno, Nafula ni wa mvua, na dada yangu Nanjala mnaweza kukisia mwaka wake ulikuwaje. Kwa hivyo nilipofika Thika nikiwa msichana nilidhani jina ni jambo la kufikiriwa baada ya mtoto kuonekana. Siku moja mama mmoja akajifungua mtoto wa kike huku mvua ikipiga mabati, nami kwa furaha zangu nikamwambia, "Huyu muite Nafula." Alinitazama kama nimemwambia auze shamba la mama mkwe wake.

"Sista," akasema polepole, vile mtu huongea na mgonjwa, "huyu ni Wambui. Alikuwa Wambui hata kabla mimi niolewe."

Wenzangu walicheka mpaka mmoja akashika kitanda. Aliyeniokoa ni Sista Wairimu, mkubwa wetu wa wodi, mama mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Alinipeleka chumba cha chai akanipanga. Kwa Wakikuyu, akaniambia, mvulana wa kwanza ni babu yake upande wa baba, amerudi. Wa pili ni babu upande wa mama. Wasichana vivyo hivyo, kwa nyanya zao. Si kwamba mtoto anamkumbusha mtu babu, hapana, mtoto ndiye babu. Kwa hivyo mama haulizwi anapenda jina gani, anaulizwa nani amefika.

"Na ukiwa huna la kusema," akaniambia, "kunywa chai."

Nilimpenda yule mama kuanzia siku hiyo. Alikuwa mkali, alikuwa na midomo, lakini hakuna alichokijua akakificha. Na yeye ndiye aliyenieleza kwamba ule utaratibu una mlango mmoja wa nyuma. Mama akizaa watoto na wote wanafariki wachanga, yule anayefuata anaweza kupewa jina la nje kabisa. La mnyama, la mgeni, la mtu ambaye si wa ukoo. Ni kama kumficha, ili kile kilichowachukua wenzake kikija kutafuta mtoto wa ule ukoo kikose jina kinalolijua. Hata babu mwenyewe haulizi kwa nini hakuitwa yeye. Anajua.

Sasa, haikuchukua muda nikaanza kulisikia lile jina. Mama anajifungua mvulana wa pili, namuuliza nani amefika, ananiambia ni Skelbeck, baba yake mzazi. Anasema bila kucheka, kama vile mwingine angesema Kamau. Nikadhani ni mzaha. Mwingine akaja, na mwingine. Nikamuuliza Sista Wairimu huyu Skelbeck alikuwa mkoloni gani mwenye wake wengi hivyo. Nilikuwa na midomo pia siku hizo.

Alikiweka kikombe chini. "Alikuwa mkunga," akasema. "Na ndiye aliyenifundisha kazi ninayokufundisha, kwa hivyo chunga ulimi wako."

Miss Skelbeck alikuja wakati wa hali ya hatari, ile ya vita vya Mau Mau, ametumwa na misheni moja, akawekwa kuzungukia kambi za wafanyakazi katika mashamba ya kahawa kati ya Ruiru na Thika. Hakupewa gari. Alikuwa na baiskeli nyeusi, na sanduku la vyombo limefungwa nyuma kwa mpira, na Wairimu, msichana wakati huo, akimkimbilia pembeni mpaka alipopata baiskeli yake. Alikuwa mrefu, mwekundu kama nyanya, Kikuyu chake kilikuwa cha kuvunjika vunjika, na alikuwa na subira ya ajabu. Subira hiyo ndiyo iliyookoa watoto. Mtoto akija kwa matako, wakunga wengi wa wakati ule walivuta. Yeye aliweka mikono yake nyuma ya mgongo na kumfanya Wairimu aweke yake pia, akisema usimguse, usimguse, anajua njia. Ukivuta, mtoto anarusha mikono juu na kichwa kinakwama. Ukingoja, anashuka kwa uzito wake mpaka unaona nywele za kisogo, na hapo ndipo mikono yako inahitajika. Siku hizi mnawapeleka kufanyiwa upasuaji na ni vizuri, sikatai. Lakini kuna siku ambulensi itakuwa imekwama barabarani na mtoto hatawangoja, kwa hivyo lishikeni hilo.

Basi wale akina mama waliokuwa wamezika watoto, na katika zile kambi walikuwa wengi, Miss Skelbeck alikuwa akiwajua kwa majina na anapitia kwao mara nyingi zaidi. Mtoto akishafika mzima, mama anatafuta jina la nje, na hapo mbele yake amesimama mgeni mwekundu, jasho linamtiririka, aliyetumia mchana mzima kumpigania huyo mtoto. Jina la nje lingetoka wapi tena? Wairimu alisema mara ya kwanza Miss Skelbeck alikataa kabisa. Alisema hilo si jina la mtoto, ni la ukoo, na ni la ukoo unaokufa. Yule mama akamwambia, "Sasa haufi," na wakamaliza hapo.

Nilimuuliza Wairimu, ukoo unaokufa vipi? Akanieleza alivyoelezwa. Kaskazini mwa Uingereza kuna bonde dogo la kondoo, na katika hilo bonde kuna kijito kinachopiga kelele juu ya mawe. Kwa lugha ya zamani ya huko jina lile maana yake ni hiyo tu, kijito chenye kelele. Watu wa hapo wakaitwa kwa kijito chao, kama vile mtu wa hapa angeitwa Chania au Ndarugu, kwa mito yetu. Bonde lenyewe halikuwa na nafasi ya watu wengi, kwa hivyo jina halikuwahi kuenea. Na kwao msichana akiolewa anaacha jina la baba yake mlangoni. Wavulana wa ukoo wengine walikufa vitani, wengine hawakuzaa ila mabinti, na Miss Skelbeck alikuwa mtoto pekee na hakuolewa. Alisema, kwa hesabu yake, yeye ndiye wa mwisho.

Mimi mpaka leo hilo hunishangaza na kunifurahisha. Jina lilikuwa linafia mikononi mwa mabinti kule kwao, likaja huku ambako binti ndiye anayemrudisha baba yake. Mvulana wa pili wa kila binti. Lingeanguka mahali pengine lingekwisha, likaangukia Ruiru.

Miss Skelbeck alirudi kwao baada ya uhuru na baadaye wakasikia amefariki. Lakini mimi niliendelea kukutana naye wodini. Nilizoea kuuliza kila mama mwenye jina hilo nyumbani, ni nani alilipewa kwanza, na kwa nini. Nilikuwa mdaku tu, msidhani ni utafiti. Wote walitoka sehemu moja. Gatongora walikuwepo, Ruiru kwenyewe, mashamba yale ya kuelekea Thika. Ukipanda Gatundu, hakuna. Ukivuka kwenda Kandara, hakuna hata mmoja. Siku moja nikamwambia Sista Wairimu ni kama mtu alichora duara, akasema bila kuinua macho, "Ni mahali baiskeli ilifika ikarudi kabla ya kafiu, saa ya watu kukatazwa kutoka nje." Baadaye mashamba ya kahawa yakakatwa ploti, watoto wakahama, ukaanza kumpata Skelbeck amepanga chumba mtaa wa Kahawa Wendani na mwingine ana duka la dawa Kahawa Sukari. Na kila niliyemuuliza alinipa habari ile ile. Mama alikuwa amezika, Skelbeck akaja, mtoto akaishi. Hakuna hata mmoja aliyepewa jina hilo kwa sababu nyingine.

Haya. Sasa niwaambie ya mzee mmoja.

Nilikuwa nakaribia kustaafu. Pale kituoni Ruiru alikuwa akija binti mmoja kliniki ya wajawazito, Njeri, mimba ya pili. Kijana wake wa kwanza alikuwa na miaka minne na alikuwa ameitwa kwa babu yake upande wa baba, vile inavyotakiwa. Picha ya tumbo ilikuwa imeonyesha huyu wa pili pia ni mvulana. Mumewe, Mwangi, anauza vifuasi vya simu Kahawa Wendani, kijana mzuri, mcheshi, wa kunisalimia "Sista, form ni gani?" kama mimi ni rika lake. Siku hiyo Njeri alikuwa analia, na Mwangi hana vichekesho. Nikafunga mlango.

"Ni baba yangu," Njeri akasema. "Amekataa mtoto aitwe yeye. Amesema hilo jina lizikwe na yeye. Sista, mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Nisipomuita, ni kama nimesema hakuwahi kuwa."

"Baba anaitwa nani?"

Akaangalia chini. "Skelbeck."

Mwangi akaingilia. "Sista, usinielewe vibaya, namheshimu huyo mzee sana. Lakini unaona hii jina?" Akatoa simu. Kuna mahali unaandika jina la ukoo na ramani ya dunia inakuonyesha watu wa jina hilo wako wapi. Akanionyesha. Uingereza ilikuwa na rangi hafifu, karibu huioni. Kenya ndiyo iliyokoza. "Sasa mtu akiona hivi atasema nini? Atasema kuna mzungu wa shamba aliachia watu watoto. Hata shangazi yangu ameshasema. Mzee mwenyewe anaamini hivyo, ndiyo maana hataki."

Hapo ndipo nilipomuelewa yule mzee. Njeri akanimalizia. Mama ya baba yake alikuwa kibarua katika shamba la kahawa wakati wa hali ya hatari, mumewe amewekwa kizuizini na hakurudi. Mama huyo naye alifariki mtoto akiwa mdogo, na nyanya wa Murang'a akaja kumchukua akamlea huko. Nyanya huyo hakuwa mtu wa kueleza mambo. Kwa hivyo yule kijana alikua na mama asiyemkumbuka, baba aliyepotea, na jina la Mzungu. Shuleni walimuita mtoto wa bwana. Alipokuja Thika kufanya kazi kiwandani, huko nako wakamtania. Na mniamini, Mzee ni mweusi tititi kuliko mimi, ungemtafuta huyo Mzungu ndani yake kwa tochi. Lakini mtu akiambiwa jambo tangu utotoni halipimi tena kwa kioo.

Nikawaambia waje naye. Alikuja siku ya kupima presha, suti ya kijivu, kofia mkononi. Tukakaa kwenye benchi karibu na dirisha la dawa, maana ofisini kwangu palikuwa na mama anachomwa sindano. Njeri alikaa upande wa pili wa baba yake.

"Baba Njeri," nikamwambia, "ulizaliwa wapi?"

"Kambi ya kahawa, huku huku Ruiru. Hata sijui ni shamba gani."

"Na ulikuwa wa ngapi kwa mama yako?"

Hakupenda hilo swali. Alizungusha kofia. "Cucu, nyanya aliyenilea, alisema kulikuwa na wengine mbele yangu. Walienda wote wachanga. Kwa nini?"

Nyinyi mtajifunza kwamba kuna habari ambazo mkunga hutoa polepole na kuna zile ambazo unatoa mara moja. Hii nilitoa mara moja. Nikamwambia, Skelbeck hakuwa bwana wa shamba. Alikuwa mwanamke. Alikuwa mkunga kama mimi, alikuja kwa baiskeli, na yule aliyenifundisha kazi alikuwa akikimbia kando ya baiskeli hiyo. Nikamwambia juu ya mikono nyuma ya mgongo, na akina mama waliozika, na jina la nje. Nikamwambia wako wengine wenye jina lake Gatongora na Kahawa Sukari, na kwamba nimewauliza wote.

Dirisha la dawa likaita watu, wakaja, wakaenda.

"Unaapa mama yangu alikuwa mmoja wao?" akauliza.

"Siapi. Sikuwepo, na Sista Wairimu ameshalala kaburini. Sijui mama yako alikuwa yupi. Ninachokijua ni hiki. Hakuna mama katika zile kambi aliyempa mtoto jina hilo bila kwanza kuzika. Na hakuna mtoto aliyelipata bila kupiganiwa. Wewe ulipiganiwa na wanawake wawili, Mzee. Mmoja akakupa jina la mwenzake, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumshukuru nacho, na kwa sababu alitaka ukae."

Njeri alimshika mkono. Yule mzee hakulia mbele yangu. Alisema ana haraka, akavaa kofia, akaenda bila kuchukua dawa zake za presha, na Njeri akalazimika kurudi kuzichukua. Nikadhani nimeharibu.

Mtoto alizaliwa wiki chache baadaye, saa nne asubuhi, kwa amani kabisa. Sikutoa hata jasho. Njeri alikuwa na nguvu, mtoto alikuwa na sauti, na mama mmoja aliyengoja zamu yake ya leba alisahau uchungu wake akapiga vigelegele vitano vya mvulana, vile wanavyofanya. Nilimpangusa mtoto nikamweka kifuani. Mwangi aliingia akisukumwa na furaha, na nyuma yake, polepole, Mzee.

Nikauliza nilivyouliza maisha yangu yote. "Nani amefika?"

Njeri alimwangalia baba yake. Mwangi naye, Mungu ambariki, aliitoa kofia yake akaishika mkononi akangoja.

"Ni mimi," Mzee akasema. "Ni Skelbeck."

Akanyoosha mikono, nikampa mtoto. Alimshika vibaya, kama wanaume wa rika lake walivyozoea kushika, nikamrekebisha kiwiko. Alimtazama kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Huyu ndiye mimi, na mama yetu ni Wangari."

Njeri akainua kichwa kwenye mto. "Baba, Wangari ni nani?"

Ndipo nikaelewa. Njeri ndiye binti wa kwanza wa Mzee. Kwa utaratibu wao alipaswa kuitwa kwa mama ya baba yake, na hakuitwa. Yule mzee alikuwa amemficha mama yake kwa miaka yote hiyo kwa sababu alimuonea haya. Hakumpa mtoto jina lake, hakumtaja mezani, hakumlilia. Njeri alikuwa amefika umri wa kuzaa mara ya pili bila kujua nyanya yake aliitwa nani.

"Ni mama yangu," Mzee akasema. "Nilimkosea. Wewe ndiwe ulistahili kuwa yeye."

Nimeona mengi katika vile vyumba, na mengi nimeyasahau, na ninashukuru kwa yote mawili. Hili sijalisahau. Njeri alikuwa bado anatoka damu, mimi nipo miguuni pake nafanya kazi yangu, mtoto analia, na yule mwanamke akamnyooshea baba yake mkono. Akasema, "Basi niite."

Na Mzee akamuita. "Wangari," akasema, kisha akarudia, na mara ya tatu alikuwa analia kwa sauti, na binti yake akawa anaitika kila mara, "Naam, mwanangu. Naam."